Safu ya Mahali Alipo Dafroza

Jumatatu asubuhi Dafroza alikuwa jikoni kwake Nyasho, Musoma, akichuja chai. Saa hiyohiyo alikuwa Bunda akifungua madirisha ya zahanati, na alikuwa Butiama akimning'iniza mtoto mchanga kwenye mzani. Chai ya Nyasho ilikuwa na tangawizi. Mtoto wa Butiama alilia kidogo, akanyamaza.

Dafroza alikuwa mkunga. Umoja wa Zahanati za Mwambao, uliomwajiri, ulikuwa na majengo matatu, vitanda vya kutosha na mkunga mmoja. Kwa muda mrefu wakubwa wa Umoja walisema wataajiri wengine. Kisha meneja wao, Bwana Gasper, akakumbuka kwamba kwenye kompyuta ya ofisi kulikuwa na programu ya kutunza matoleo mbalimbali ya kazi moja.

Programu hiyo hutumiwa na watu wanaoandika programu nyingine. Mtu akiwa na kazi moja, na akitaka kuifanya kwa njia ya pili bila kuharibu ile ya kwanza, hufungua tawi. Tawi ni kazi ileile, nzima, ila kuanzia hapo inakwenda njia yake. Kila tawi linafunguliwa kwenye folda yake, na watu wanaendelea nalo huko lilipo. Bwana Gasper aliandika jina la Dafroza, akafungua tawi la Bunda, na kesho yake wagonjwa wa Bunda walimkuta mkunga mlangoni. Wakamsalimia, wakapanga foleni. Baadaye akafungua la Butiama.

Tawi huchukua kile kilichopo wakati linapofunguliwa. Dafroza wa Bunda alifunguliwa wakati anaosha miguu, kwa hiyo alifika Bunda pekupeku, ikabidi anunue ndala sokoni. Wa Butiama alifika na nusu ya kichwa imesukwa. Nusu iliyobaki alisukwa na jirani wa huko, kwa mtindo mwingine, na hakuona haja ya kuibadilisha.

Kitu kimoja hakikufunguka pamoja na vingine, nacho ni usingizi. Usingizi ulibaki mmoja, kama mshahara. Dafroza wa Bunda akilala, wa Nyasho na wa Butiama wanakaa macho mpaka amalize. Walikuwa wakipigiana simu jioni kupangana.

"Mwenzangu, leo nianze mimi," wa Butiama angesema. "Nimezalisha mapacha."

"Anza. Lakini usimalize wote."

Usingizi ulipofika Nyasho ulikuwa umeshatumika. Ulikuja na joto la aliyetoka kuulalia, na harufu yake, kama shuka linalopokezanwa. Wa Bunda aliuacha na harufu ya vumbi la pamba. Wa Butiama aliuacha na harufu ya sabuni ya kipande. Mume wa Dafroza, Stanslaus, fundi baiskeli, alizizoea zote mbili.

Lakini miezi hii usingizi ulikuwa unafika mfupi kuliko zamani, na ulikuwa unanuka moshi na dagaa.

"Mke wangu," Stanslaus alisema asubuhi hiyo, akinusa bega la Dafroza kabla ya kuchukua kikombe chake. "Sisi jana tumekula maharage. Mbona unanukiaga dagaa?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nimeshinda zahanati."

"Labda wa Bunda ameanza kwendaga ziwani."

"Wa Bunda aende ziwani saa ngapi? Foleni yake inafikaga barabarani."

"Basi wa Butiama."

"Butiama kuna ziwa?"

Stanslaus akafikiri. "Hakuna," akakubali, akanywa chai.

Rhobi, binti yao, alikuwa mlangoni akifunga viatu. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, hakuwa msemaji sana, na ndiye aliyeshughulikia kompyuta ya Umoja. Alimwona mama yake akisinzia amesimama, chujio mkononi, chai ikidondoka mezani. Alimshika mkono taratibu, akalitoa lile chujio, akaenda kazini.

Ofisini Bwana Gasper alikuwa amefika kabla yake. Alikuwa amevaa tai, na hiyo ilikuwa dalili ya habari.

"Ijumaa tunao wageni!" alisema. "Wafadhili. Watu watano, na mpiga picha. Nataka tuwaonyeshe matawi ukutani, kwa projekta, kubwa kabisa. Hebu toa orodha."

Rhobi akaandika amri ya kuonyesha matawi. Ikatoka hivi:

* dafroza
+ dafroza-bunda
+ dafroza-butiama
+ jaribio

Nyota ilimaanisha tawi lililofunguliwa hapo hapo ulipo. Alama ya kujumlisha ilimaanisha kwamba tawi hilo limefunguliwa mahali pengine. Ni mahali gani, orodha haikusema.

"Hilo jaribio ni nini?"

"Sijui, bosi. Nimelikuta."

"Litakuwa takataka. Futa. Sitaki wageni waone uchafu."

Rhobi akaandika amri ya kufuta. Programu ikajibu kwamba tawi hilo halifutiki kwa sababu limefunguliwa mahali pengine.

"Si kuna amri ya kufuta kwa nguvu?"

"Ipo."

"Itumie."

Rhobi aliweka vidole kwenye kibodi, akaviondoa. Tawi likifutwa kwa nguvu, chochote kilichofanywa ndani yake hakirudi. Na alikuwa akifikiria usingizi wa mama yake, unaokuja mfupi, unanuka dagaa, kama vile kuna mtu wa nne anayeulalia.

"Bosi, nipe siku chache. Nataka kwanza orodha iseme mahali."

"Iseme mahali vipi?"

"Kila tawi, pembeni yake, tuone limefunguliwa wapi. Tukiona ni takataka nafuta mwenyewe."

Bwana Gasper akashika tai yake. "Wageni watapenda hiyo?"

"Watapenda sana."

"Basi fanya. Lakini Alhamisi jioni, jaribio nisilione. Ukishindwa nitafuta mwenyewe, hiyo amri naijua."

Rhobi alivuta kiti. Alifungua ile sehemu ya programu inayochapa orodha, akaanza kuisoma mstari kwa mstari. Mahali palikuwemo. Kila tawi lilikuwa limeandikiwa folda yake, tangu siku lilipofunguliwa. Programu ilikuwa inajua muda wote Dafroza yuko wapi. Ilikuwa haijaagizwa tu kusema.

Alisahau kula mchana. Alisahau hata kumjibu muuza maandazi aliyesimama dirishani akimwita mara tatu. Aliongeza safu ya pili kwenye orodha, akaihifadhi kazi yake, akarudi nyumbani.

Jumanne Dafroza aliamka na maandishi kwenye sare yake. Yalianza mfukoni, yakapanda begani, yakazunguka ukosi na kushuka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Stanslaus alivaa miwani akamsoma, akimgeuza taratibu.

"Umeandikwa kompyuta ya ofisi, ndani ya makabrasha, ndani ya kazi, ndani ya zahanati, ndani ya Musoma," alisema. "Halafu kuna neno limeingia kwenye sketi."

"Rhobi!"

"Samahani mama. Imetoka ndefu. Nitaifupisha."

Simu ikaita. Alikuwa Dafroza wa Bunda, akasema wagonjwa wanamsoma badala ya kueleza wanapoumwa. Wa Butiama naye akapiga, akasema yake imefika kwenye soksi.

Ofisini hali ilikuwa ileile. Safu ya mahali ilikuwa ndefu mno, mistari ikapandana kwenye skrini, na mstari wa jaribio, uliokuwa mrefu kuliko yote, ulikatika ukingoni. Rhobi aliona tu herufi za mwisho zilizobaki zikining'inia, hazisomeki. Alicheka peke yake kwa hamu. Akakata njia ndefu, akabakiza jina la mwisho la folda, na kama folda haimo kwenye kompyuta ya ofisi, jina la mashine ilimo. Akapanga majina yaanze mahali pamoja, yashuke wima kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Akaweka rangi, ili macho yasihangaike: kijani kwa tawi la hapa, samawati kwa matawi yaliyofunguliwa kwingine.

Jumatano asubuhi sare ya Dafroza wa Nyasho ilikuwa ya kijani, na mfukoni paliandikwa kwa herufi ndogo safi: dafroza, musoma. Akajitazama kwenye kioo, akajigeuza.

"Hii sasa inavaliwa," alisema.

Rhobi hakusubiri chai. Alikimbia mpaka ofisini na mkoba begani, akawasha kompyuta, akaandika amri.

* dafroza             musoma
+ dafroza-bunda       bunda
+ dafroza-butiama     butiama
+ jaribio             rukuba, laptopu ya burito

Aliusoma mstari wa nne kwa sauti. Kisha akausoma tena, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akainuka na kuondoka bila kuzima taa. Rukuba ni kisiwa, na kila mtu wa Musoma anayekwenda Mwigobero kununua dagaa anamjua Burito.

Burito alikuwa kwenye mwalo wa Mwigobero akipakia unga, kreti za soda na mabati mawili kwenye mtumbwi wake wa injini. Alikuwa mtu mzima, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Shikamoo, kaka Burito."

"Marahaba. Nauli ni ileile."

"Nakwenda Rukuba kumwona mama yangu."

Burito aliangalia injini. "Mama yako yuko Nyasho. Juzi nimemwona hapa anabishana na mtu wa nyanya."

"Huyo ni wa hapa."

"Nani kasema kuna mwingine?"

"Orodha."

"Hiyo orodha imeanza kusema lini?"

"Leo asubuhi."

Burito akaweka kreti chini. "Ingekaa kimya tu," akasema. "Haya, panda. Kaa upande wa unga, usikalie mabati, yatakukata."

Ziwa lilikuwa limetulia na mawingu yalikuwa mazito. Walipovuka miamba ya mwisho Burito alipunguza mwendo kidogo ili sauti yake isikike.

"Bosi wako alikujaga kisiwani mwaka jana, tunazindua chanja za kuanikia dagaa. Tukamkaangia sangara. Tukamwambia akina mama wanajifungulia kwenye mitumbwi katikati ya maji, wanawahi Musoma, hawafikagi. Akasema hilo jambo dogo. Akatoa laptopu, akabonyeza-bonyeza. Mama yako akatokea palepale, ana mwiko mkononi, ugali bado unatoa moshi."

"Alikuwa anasonga."

"Tukala ule ugali wa kwenye mwiko, kila mtu kipande. Watu wakapiga makofi. Bosi akasema hiyo ni jaribio tu, wiki ijayo ataleta dawa na kitanda. Laptopu akaniachia, akaiandikia jina langu, akasema ina betri mbovu, atatuma mtu aje aichukue."

"Akasahau."

"Akasahau. Na sisi hatukumkumbusha." Burito akaongeza mwendo, kisha akapunguza tena. "Ungekuwa wewe ungemkumbusha?"

Kisiwa kilikuwa kimeshaonekana, mabati yake na moshi wake, na Rhobi alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi akitafuta rangi ya samawati.

Aliiona kabla hawajagusa mchanga. Dafroza wa Rukuba alikuwa akishuka ufukweni mbio, sketi imelowa ukingo, mikono ameinyoosha. Alikuwa mweusi kuliko wa Nyasho, kwa jua, na nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari ya kwenda nyuma. Alimbeba Rhobi akamtoa kwenye maji kama mtoto.

"Mwanangu! Nilisema utakuja! Niliwaambia hawa, wanaoniomba nisipige simu bosi asije akakumbuka laptopu, kama kuna mtu atanitafuta ni Rhobi. Umekula? Umekonda. Hebu angalia, jana nimeamka nimejaa maandishi mpaka mgongoni, leo nimeamka nimekuwa rangi hii."

"Ni mimi mama. Nimeweka rangi."

"Imenipendeza. Na hapa mfukoni?" Akainamisha kidevu asome. Akasoma polepole. "Nilikuwa sijui kama naitwa jaribio."

Rhobi aliufunika mfuko ule kwa kiganja.

Zahanati ya Rukuba ilikuwa chumba cha mabati pembeni ya banda la Burito la kuchajia simu. Kulikuwa na jamvi, beseni, wembe mpya kwenye pakiti, na mwiko umening'inizwa ukutani. Dawa hazikuwepo. Zilipohitajika Burito alinunua Musoma, na watu wakachangia. Mkunga alilipwa samaki.

Ndani ya banda, kwenye dishi la plastiki lililofunikwa chandarua kwa ajili ya wadudu wa ziwani, ndimo ilimokaa laptopu ya Bwana Gasper. Ilikuwa inawaka. Betri yake ilikuwa mbovu kweli, haikai hata dakika, na watu wa Rukuba walielewa tangu siku ya kwanza kwamba ikizimika mkunga naye atazimika. Kwa hiyo haikuwahi kuzimika. Siku za jua ililishwa na sola ya Burito. Siku za mawingu, kama hii, wavuvi walileta betri za taa zao za dagaa.

Walikuwa wakizileta sasa hivi, kila mmoja na yake begani, wakiziweka chini mstari.

"Leo ni zamu ya nani kuacha betri hapa na kuvua na taa mbili tu?" Burito akauliza.

"Sisi," akajibu mvuvi mmoja kijana aitwaye Silasi. "Na kesho sisi tena, maana huyu anayezaa ni mke wangu."

"Wewe hata ukiwa na taa kumi hupatagi kitu."

"Dagaa wananiogopa. Wananiona baba wa watu."

Wakacheka. Mke wake Silasi, Wankyo, alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri, na kisiwa kizima kilikuwa kinatembea kwa haraka bila kwenda popote.

Rhobi alilala huko. Mama yake alimwambia mambo mengi akiwa anachemsha maji: watoto waliozaliwa, waliopewa jina la Dafroza, mmoja wa kiume akiwemo. Alisema yeye wa hapa ndiye anayechekaga. Hajui kwa nini. Labda kwa sababu wakati anafunguliwa ilikuwa Jumapili na Stanslaus alikuwa ametoka kusema kitu cha kuchekesha.

"Wa Nyasho amechoka, mama. Anasinzia amesimama."

"Najua. Usingizi ukinifikia unakuwa umeisha katikati." Dafroza alitia kuni. "Mwambie anisamehe. Mimi nachukua kidogo sana."

"Naweza kuwaunganisha. Ipo amri. Wanne mnarudi kuwa mmoja. Mahali mlipotofautiana programu inauliza kibaki kipi."

"Nywele zibaki zipi?"

"Itauliza."

"Na hapa atabaki nani?"

Rhobi hakuwa na amri ya hilo.

Alhamisi alasiri Wankyo alianza kusukuma. Chumba cha mabati kilikuwa na joto, akina mama wawili wamemshika mabega, Dafroza amepiga magoti mbele. Nje Silasi alikuwa akizunguka banda, na kila akipita aligusa betri moja moja kuona kama nyaya zimekaa. Simu ya Rhobi ikaita. Alitoka mlangoni, mguu mmoja nje, mmoja ndani.

"Rhobi, uko wapi wewe?" ilikuwa sauti ya Bwana Gasper. "Orodha nimeiona, rangi nzuri, hongera. Lakini jaribio bado lipo! Sasa usijisumbue, niko kwenye kompyuta, nimeshaandika ile amri ya nguvu. Nabonyeza tu."

"Bosi, ngoja! Soma pembeni yake!"

"Pembeni ya nini?"

"Ya jaribio. Soma safu ya pili. Mahali."

Ndani Dafroza alisema, "Kichwa hiki hapa, Wankyo, kichwa hiki hapa, mama, usiache!"

"Rukuba," Bwana Gasper akasoma. "Laptopu ya Burito. Rukuba kuna nini?"

"Kuna mama. Kuna kichwa kimeshatoka."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mtoto, bosi! Mama amekishika. Ukibonyeza sasa hivi hakuna wa kukipokea."

Rhobi alisikia kiti cha ofisi kikilia, umbali wote ule, ng'ambo ya maji. Aliuona mgongo wa mama yake, sare ya samawati imelowa jasho, viwiko vimefunguka. Akahesabu pumzi zake mwenyewe akapoteza hesabu.

"Unataka kusema," Bwana Gasper alisema polepole, "tuna kituo kisiwani?"

"Ndiyo, bosi."

"Kinafanya kazi?"

"Kinafanya kazi sasa hivi."

"Rhobi!" Sauti yake ilipanda kama ya mtu aliyeitwa jina lake redioni. "Kituo cha kisiwani! Kesho wageni wanafika! Kwa nini mnaniachia kitu kama hiki kinaitwa jaribio? Ngoja, nabadilisha jina. Hapa naandika. Dafroza, kistari, Rukuba."

Ndani, mfukoni mwa Dafroza, neno la kwanza lilififia na jingine likajiandika. Hakuliona. Alikuwa amempokea mtoto wa kike, mzito, anayelia kabla hata hajaguswa. Vigelegele vikatoka chumbani vikashuka mpaka kwenye chanja. Silasi aliingia kinyume na utaratibu, akatolewa, akaingia tena.

Rhobi alikuwa bado ameshika simu. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka.

"Bosi, na mshahara wake? Na dawa? Hapa wanatumia betri za dagaa."

"Rhobi, mfanyakazi ni mmoja. Dafroza ni Dafroza. Karatasi za ajira zinasema hivyo, na hata programu yako inasema hivyo, si kazi ileile? Lakini nitawapigia makofi mbele ya wageni. Waambie."

Rhobi akawaambia. Burito akauliza kama makofi yanawasha laptopu. Kisha akaenda kuongeza betri, maana jua lilikuwa halijatoka bado mawinguni.

Ijumaa wageni walifika Musoma. Orodha ilipigwa ukutani kwa projekta, mistari minne, kijani na samawati, kila jina na mahali pake. Wageni walisimama. Mpiga picha alipanda juu ya kiti. Dafroza wa Musoma alikuwepo na sare yake ya kijani, akaombwa asimame pembeni ya mstari wake, akasimama. Alisinzia wakati wa picha, lakini picha ilitoka vizuri.

Mgeni mmoja aliuliza kama inawezekana kuongeza mahali. Bwana Gasper akasema kwa programu inayoonekana wazi namna hii, kuongeza ni kitu rahisi sana. Akataja Mugeta, kule Bunda vijijini, kwenye mashamba na ng'ombe, ambako zahanati ilikuwa na mlango na haikuwa na mtu. Akasema Jumatatu, saa nne asubuhi.

Safari hii Dafroza alikuwa ameambiwa mapema.

Jumapili yote walimwandaa. Sweta lilifuliwa likaanikwa. Stanslaus aliziba buti za mvua kwa kiraka cha tairi ya baiskeli. Rhobi aliweka mifukoni mkasi, uzi, glavu, tochi na betri zake, na chumvi kwenye kikaratasi. Burito alileta kifuko cha dagaa kutoka kwa Wankyo. Dafroza wa Bunda alipiga simu akasema wasisahau ndala. Nywele zilisukwa zikaisha zote.

"Unaonekana kama unaenda vitani," Stanslaus alisema.

"Naenda Mugeta."

"Na mimi nitabaki na wewe?"

"Utabaki na mimi. Songa ule ugali."

Mwishowe walimpa usingizi. Wa Bunda, wa Butiama na wa Rukuba walikubaliana kwa simu wakae macho, usingizi wote uende Nyasho ukiwa mpya. Dafroza alilala na sweta lake na buti miguuni, mkoba kifuani, tangu Jumapili jua linazama. Rhobi alikaa kando ya kitanda kufukuza mbu. Usingizi haukuwa na harufu yoyote.

Saa nne asubuhi alikuwa ameketi kitandani, macho meupe, amepumzika. Ofisini mstari wa tano ukatokea. Dafroza wa Nyasho akavua sweta, akalitundika, akavua buti, akaenda kazini.

Watu wa Mugeta walimkuta mkunga mlangoni, ana sweta na tochi na kila kitu. Walimsalimia, wakapanga foleni. Wale waliokuwa wakimfahamu Dafroza wa Bunda walidhani huyu ni mdogo wake.

Kuanzia juma hilo usingizi ulifika Nyasho mfupi zaidi, na juu ya moshi na dagaa na pamba na sabuni ikaongezeka harufu ya maziwa na ya zizi. Stanslaus alinusa bega la mke wake, akanywa chai.

Bwana Gasper alimwita Rhobi, akamshukuru tena kwa safu ya mahali, akasema ina kasoro moja tu: mistari ikiongezeka itagusa ukingo wa chini wa ukuta. Akaomba ibanwe kidogo, ipatikane nafasi.

Rhobi akaibana. Ikapatikana nafasi ya mistari mingine saba.